Kuboresha amplifaya ya kujumlisha kwenye mikisa ya analogi: mwongozo kamili

Shusha slaida za chaneli zote hadi chini, weka slaida kuu kwenye alama ya sifuri, kisha ongeza sauti ya spika za kusikilizia. Mvumo unaobaki, ule wa "shhh" usiokoma, kwa kiasi kikubwa unatoka mahali pamoja padogo karibu na mwisho wa njia ya sauti: kwenye amplifaya ya kujumlisha, ile inayopokea sauti za chaneli zote na kuzitoa zikiwa sauti moja. Kwenye mikisa nyingi za bei ya kati za miaka ya 1980 na 1990, ambazo bado zinafanya kazi makanisani, kwenye bendi na kwenye studio ndogo, kazi hiyo nzito ilipewa chipu ileile ya bei rahisi iliyotumika kila mahali ndani ya sanduku.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuibadilisha. Unaeleza pia namna ya kujua kwa hesabu, kabla hujagusa chuma cha kulehemu, kama kubadilisha kutakusaidia na kwa kiasi gani. Mafundi wengi hununua kwanza chipu ghali, wakaifunga, kisha wakaanza kuitafuta tofauti masikioni. Hesabu ni ya nusu saa na inaokoa pesa.

Mfano nitakaoutumia kote ni mikisa ya chaneli 24, yenye risista za kuchanganyia za kiloomu 22 na opampu (chipu ya kukuza sauti) ya TL072. Ya kwako ikiwa tofauti, weka namba zako. Ninachukulia kwamba unajua kulehemu kwenye bodi, unaweza kusoma mchoro wa saketi na una mita ya kupimia umeme.

Kinachofanyika ndani

Kila chaneli inapeleka sauti yake kupitia risista moja hadi kwenye njia ndefu ya shaba inayokatiza chini ya chaneli zote. Njia hiyo ndiyo basi. Mwisho wake, basi linaingia kwenye ingizo hasi la opampu, na risista nyingine, ya mrejesho, inatoka kwenye tokeo na kurudi kwenye ingizo hilohilo. Ingizo chanya limefungwa kwenye athi. Opampu inapambana muda wote kuhakikisha ingizo hasi linabaki kwenye volti sifuri kama lile la chanya, ndiyo maana basi linaitwa athi pepe: ni sifuri ingawa halikufungwa kwenye athi. Kwa sababu hiyo chaneli hazionani. Ukipandisha ngoma, sauti ya mwimbaji haishuki.

Risista ya mrejesho ikilingana na risista ya kuchanganyia, kila chaneli inapita kwa geini ya moja, yaani bila kukuzwa wala kupunguzwa. Hapa wengi hudhani kwamba hata kelele ya opampu yenyewe inapita kwa moja. Sivyo. Kwa kelele ya opampu, risista zote 24 ziko sambamba kuelekea athi, kwa hiyo geini yake ni moja kujumlisha idadi ya chaneli: 1 + 24 = 25, sawa na desibeli 28. Mikisa ya chaneli 16 ina 17, sawa na desibeli 24.6. Ya chaneli 32 ina 33, zaidi kidogo ya desibeli 30. Namba hii, nitakayoiita geini ya kelele, ndiyo inayotawala kila kitu kinachofuata: mvumo, upotofu wa sauti kwenye masafa ya juu, utulivu wa opampu, hata mngurumo wa umeme.

Hatua ya kwanza: mchoro

Tafuta mchoro wa saketi wa mikisa yako. Bila mchoro, fuata basi kwa mita hadi ulifikie opampu yake na uchore mwenyewe kile kipande. Huwa ni kidogo. Andika mambo haya: idadi ya chaneli na njia nyingine zinazoingia kwenye basi (marejeo ya ekko, makundi, laini ya mawasiliano ya studio, kila risista inahesabiwa), thamani ya risista za kuchanganyia, thamani ya risista ya mrejesho na kapasita iliyo sambamba nayo, jina la opampu, volti za pawa saplai, na kilichofungwa kati ya ingizo chanya na athi.

Angalia pia swichi za kuelekeza chaneli kwenye basi. Kuna aina mbili. Nyingine, ukiizima chaneli, inaiunganisha risista yake na athi, kwa hiyo geini ya kelele haibadiliki kamwe. Nyingine inaiacha risista ikining'inia hewani, na geini ya kelele inashuka kadiri unavyozima chaneli. Andika ni ipi. Utaihitaji huko mbele.

Hatua ya pili: pima kabla ya kugusa

Huhitaji maabara. Kadi nzuri ya sauti na programu inayoonyesha kiwango cha wastani kati ya hezi 20 na kilohezi 20 vinatosha; Room EQ Wizard ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri.

Ikiwa mikisa ina soketi ya insati (ya kuchomekea kifaa cha nje) kwenye njia kuu, pimia hapo, kwa sababu sehemu iliyo baada yake inaweza kuongeza geini na kelele yake. Kama haina, pimia kwenye tokeo kuu lakini kumbuka kuondoa geini ya sehemu hiyo.

Kwanza weka kipimo chako sawa. Ingiza mlio wa hezi 200 kwenye chaneli moja na upandishe hadi mita isome volti 0.775 pale unapopimia. Hiyo ni 0 dBu, sifuri ya kipimo cha desibeli nitakachokitumia kote. Nimechagua hezi 200 kwa sababu mita nyingi za bei ya chini husoma vibaya volti za masafa ya juu zaidi ya hezi mia chache. Soma programu inaonyesha kiwango gani. Tuseme ni -20. Baada ya hapo usiguse kitufe chochote cha geini kwenye kadi ya sauti. Programu ikionyesha -98 wakati wa kupima kelele, kelele yako ni -78 dBu. Kadi yenyewe nayo ina kelele: funga ingizo lake kwa risista ya omu 150 usome. Inatakiwa iwe chini ya kelele ya mikisa kwa desibeli 10 au zaidi, la sivyo unapima kadi.

Sasa pima mara tatu. Mara ya kwanza chaneli zote zikiwa zimeondolewa kwenye basi. Mara ya pili zote zikiwa kwenye basi, slaida chini. Mara ya tatu zote kwenye basi, slaida kwenye sifuri, geini za maikrofoni zikiwa chini kabisa. Hifadhi matokeo pamoja na picha ya grafu yake, maana grafu itakuonyesha kama kuna vilele vya hezi 50, 100 na 150. Vilele hivyo ni mngurumo wa umeme, na hakuna chipu itakayoviondoa.

Hatua ya tatu: hesabu

Kelele ya opampu hutajwa kwa nanovolti kwa kipeuo cha pili cha hezi. Hapa chini nitaandika nanovolti tu.

Opampu inaona basi kama risista moja, nayo ni kiloomu 22 kugawanya kwa 25, yaani omu 880. Risista yoyote ina kelele ya joto, na ya omu 880 ni karibu nanovolti 3.8. Kelele ya TL072 ni nanovolti 18. Kelele hazijumlishwi moja kwa moja: unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Inatoka 18.4. Zidisha kwa geini ya kelele, 25, kisha kwa 141, ambacho ni kipeuo cha pili cha hezi 20,000. Unapata maikrovolti 65, sawa na -81.5 dBu.

Rudia kwa chipu nyingine. Kwa zile za transista za kawaida, kama hizi zote zinazofuata, ongeza pia kelele ya mkondo, ambayo unaizidisha kwa omu 880. NE5532, yenye nanovolti 5, inatoa -90.8 dBu. NE5534A, yenye 3.5, inatoa -92.5. LM4562, yenye 2.7, inatoa -93.1. OPA1612, yenye 1.1, inatoa -94.3.

Ziangalie namba hizo vizuri. Kutoka TL072 hadi NE5534A ni desibeli 11, tofauti ambayo mtu yeyote ataisikia. Kutoka NE5534A hadi OPA1612, ambayo bei yake ni mara kadhaa, ni chini ya desibeli 2. Sababu ni zile omu 880: kelele ya risista zenyewe imekuwa kubwa kuliko ya chipu, na hata chipu isiyo na kelele kabisa isingeweza kuiondoa. Kama mikisa yako tayari ina NE5534 au NE5532 kwenye basi, acha chipu ilipo na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya athi.

Vipi kuhusu kupunguza risista za kuchanganyia zenyewe, kutoka kiloomu 22 hadi 10? Basi linaonekana kama omu 400, na NE5534A inafika -94.0 dBu. Umebadilisha risista 48 kwa ajili ya desibeli moja na nusu, na umeongeza mzigo kwa kila saketi ya pani (ile inayogawa sauti kushoto na kulia), ambayo ulinganifu wake ulipangwa kwa kiloomu 22. Mimi sishauri.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu inalifichua. Chaneli nyingi zina opampu ndogo baada ya slaida, yenye geini ya karibu desibeli 10, na kelele yake inaingia kwenye basi hata slaida ikiwa chini. Ikiwa ni TL072, kila chaneli inatoa nanovolti 57 hivi, na chaneli 24 kwa pamoja zinatoa karibu maikrovolti 39, ukiacha upungufu unaoletwa na pani. Jumlisha na zile 65 za basi: maikrovolti 76, au -80.2 dBu. Ukiweka NE5534A kwenye basi peke yake, jumla inashuka hadi maikrovolti 43, au -85 dBu. Faida ya kweli katika kipimo cha pili ni desibeli 5, si 11. Bado ni nzuri, lakini ni vyema uijue mapema. Ukitaka zile zilizobaki, hatua inayofuata ni zile opampu za baada ya slaida.

Masafa ya juu nayo yanafaidika

Mvumo ndio watu huulizia, lakini kwangu mimi faida hii ya pili ni sawa nayo kwa uzito. Opampu hutumia geini yake ya akiba kusahihisha makosa yake. TL072 ina megahezi 3 za uwezo. Kwenye kilohezi 20 hiyo ni geini ya 150 tu, na geini ya kelele imeshakula 25. Kilichobaki kwa kusahihisha ni mara 6, karibu desibeli 16. Upotofu wa matoazi na sauti za "s" hauna wa kuusafisha. NE5534 na NE5532, zenye megahezi 10, zinabakisha mara 20. LM4562, yenye megahezi 55, inabakisha mara 110, zaidi ya desibeli 40. Hapa ndipo LM4562 inapostahili bei yake, hasa kwenye mikisa ya chaneli 32 na kuendelea.

Hatua ya nne: kuchagua na kununua

Kwa soketi ya opampu mbili mbili, chaguo langu la kwanza ni NE5532, la pili LM4562. Zote zina mpangilio wa miguu sawa na TL072, zinaingia bila kubadilisha bodi. NE5534 ni opampu moja kwenye chipu moja, na miguu yake ni tofauti: tokeo liko mguu wa 6, umeme chanya mguu wa 7, na miguu ya 5 na 8 ni ya kapasita ya kuituliza. Usiiweke kwenye soketi ya TL072. OPA1612 haitengenezwi kwa miguu mirefu. Inahitaji kibodi cha kuibebea, na kila milimita ya waya unayoongeza kwenye ingizo hasi inaongeza hatari ya mtetemo.

Angalia volti. LM4562 ina mwisho wa volti 17 kila upande, na mikisa kadhaa zinatumia 17 au 18. Pima pawa saplai wakati umeme wa mjini uko juu, usiamini maandishi. NE5532 inavumilia hadi volti 22 kila upande.

Angalia mkondo pia. TL072 hula karibu miliampea 2.8, NE5532 hula 8, LM4562 hula 10. Kwa chipu mbili au tatu za mabasi tofauti hii haina uzito. Ukishawishika kubadilisha chipu 120 za mikisa nzima, umeongeza zaidi ya nusu ampea kwenye kila upande wa pawa saplai, na transfoma ambayo haikupangiwa mzigo huo itachemka hadi iungue.

Chipu bandia zimejaa sokoni, na NE5532 iko mbele kwa kuigizwa. Sehemu ya juu ikiwa imesuguliwa na maandishi kuchapwa upya, utaona mng'ao tofauti na kingo. Kipimo kizuri zaidi ni mkondo: ifunge kwenye bodi ya majaribio, iunge kama bafa (tokeo likirudi moja kwa moja kwenye ingizo hasi), ipe volti 15 kila upande. NE5532 ya kweli itakula karibu miliampea 8. Ikila 3 au 4, shuku kwamba ni 4558 iliyobadilishwa jina. Kwa vifaa vya maduka ya Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, fanya kipimo hiki kwa kila chipu kabla ya kuilehemu. Kama unaweza kusubiri mzigo kutoka nje, wauzaji rasmi kama Mouser, Farnell na RS wanakuondolea wasiwasi huo.

Nunua pia soketi zenye matundu ya duara yaliyochongwa, risista za utando wa metali za asilimia 1, kapasita za seramiki za nanofaradi 100 aina ya X7R kwa ajili ya umeme, kapasita ndogo za seramiki aina ya NP0 za pikofaradi 22, 33 na 47 kwa ajili ya mrejesho, na elektroliti za maikrofaradi 100, volti 25. X7R usiiweke kamwe kwenye njia ya sauti, inapotosha.

Hatua ya tano: mitego mitatu kabla ya kung'oa

Wa kwanza uko kwenye ingizo chanya. Watengenezaji wengine waliweka risista ya kiloomu 22 kati ya ingizo chanya na athi ili kusawazisha mkondo mdogo wa opampu. Risista hiyo ina kelele ya nanovolti 19, na kelele hiyo inapandishwa mara 25 kama ile ya opampu. Ukiiacha, umeweka chipu mpya na kelele ya zamani imebaki palepale. Toa hiyo risista, weka waya. Usipotaka kuigusa, ifunge sambamba na elektroliti ya maikrofaradi 100 au zaidi.

Wa pili ni umeme wa moja kwa moja kwenye tokeo. TL072 haivuti mkondo wowote wa maana kwenye ingizo lake. NE5534 inavuta karibu nanoampea 500, na mkondo huo ukipita kwenye kiloomu 22 unazaa milivolti 11 kwenye tokeo. Hakikisha kuna kapasita kati ya amplifaya ya kujumlisha na slaida kuu, la sivyo slaida itakwaruza kila ukiigusa. Kama haipo, ongeza elektroliti ya maikrofaradi 47, na pima kwanza upande upi una volti chanya ndipo uielekeze. Onyo hilohilo ni la opampu za baada ya slaida za chaneli, na kule ni kali zaidi, kwa sababu mkondo wa ingizo unapita kwenye slaida yenyewe.

Wa tatu ni kapasita za umeme. TL072 huvumilia kukosa kapasita karibu yake. NE5532 na LM4562 hazivumilii. Zinahitaji nanofaradi 100 kati ya umeme chanya na hasi, miguu ya 8 na 4, iliyolehemiwa chini ya bodi pale penye chipu. Elektroliti moja kwa kila upande, sentimita chache kutoka hapo, ziende kwenye athi ya umeme. Ukizipeleka kwenye athi ya sauti iliyo kwenye ingizo chanya, umemwaga uchafu wa pawa saplai pale ambapo unapandishwa mara 25.

Hatua ya sita: kazi yenyewe

Toa waya wa umeme ukutani, siyo kuzima swichi tu. Subiri dakika kadhaa na upime kapasita kubwa za pawa saplai hadi zifike karibu na sifuri. Piga picha za bodi pande zote mbili. Andika kila waya unaouchomoa.

Fanya upande wa kushoto tu kwanza, kama kila upande una chipu yake. Upande wa kulia uache ulivyotoka kiwandani, ndio utakuwa kipimo chako cha kulinganishia: vifaa vilevile, siku ileile, joto lilelile.

Usijaribu kuiokoa chipu ya zamani. Kata miguu yake yote kwa koleo ndogo, ondoa mwili, kisha chomoa mguu mmoja mmoja kwa joto. Bodi za miaka hiyo zina shaba nyembamba inayobanduka, na chipu ya bei ndogo haistahili kukuharibia njia ya basi. Kwa risasi ya 60/40, nyuzi 330 hivi zinatosha. Gusa kwa sekunde mbili au tatu, ondoa. Safisha matundu kwa pampu ya kufyonza, lehemu soketi, kisha kapasita ya nanofaradi 100 chini yake. Safisha mabaki ya fluksi kwa spiriti, hasa kuzunguka ingizo hasi.

Badilisha risista ya mrejesho kwa ya utando wa metali yenye thamani ileile. Sambamba nayo weka kapasita ya NP0. Pikofaradi 22 na kiloomu 22 hukata kwenye kilohezi 329, mbali kabisa na sauti. 47 hukata kwenye 154. Anza na 22 kama mtengenezaji hakuweka kubwa zaidi.

Kabla ya kupachika chipu, washa umeme na upime soketi tupu: mguu wa 8 uwe na volti chanya, wa 4 hasi, na wa 3 na wa 5 ziwe sifuri. Zima, subiri, pachika, washa. Pima tokeo: milivolti chache hadi kumi na kitu ni sawa. Volti kadhaa maana yake kuna kosa. Zima mara moja.

Hatua ya saba: mtetemo

Basi ni refu, na lina pikofaradi nyingi kuelekea athi. Hizo huchelewesha mrejesho, na chipu yenye kasi inaweza kuanza kutetema kwenye megahezi kadhaa bila wewe kusikia kitu. Utaona dalili nyingine: chipu inachoma kidole, volti za tokeo zinabadilika ukisogeza mkono, sauti ina ukali usioelezeka, mita ya mikisa inapanda bila sauti kuwepo.

Tumia osiloskopu yenye probu ya mara kumi kwenye mguu wa tokeo. Angalia kwanza chaneli zote zikiwa kwenye basi, kisha zikiwa zimeondolewa zote. Hapa ndipo aina ya swichi inakuwa na maana. NE5534 imetengenezwa kutulia ikiwa na geini ya 3 au zaidi, na mtu akiona geini ya kelele ya 25 anaweza kuamua kutoweka kapasita ya pikofaradi 22 kati ya miguu ya 5 na 8. Lakini swichi zikiwa za kuacha risista hewani, ukizima chaneli zote geini inashuka kuelekea moja na chipu inaanza kutetema. Weka kapasita hiyo.

Kisha ingiza mawimbi ya mraba ya kilohezi 10. Kona zikiwa safi au zenye mduara kidogo, umemaliza. Zikiwa na mawimbi madogo yanayofuatana, ongeza kapasita ya mrejesho hadi 33 au 47 na uangalie tena.

Athi: mahali pa kutumia muda wako

Ikiwa athi ya chaneli na athi ya ingizo chanya zinatofautiana kwa maikrovolti 10 za mngurumo, kila chaneli inaingiza tofauti hiyo kwenye basi na unapata karibu maikrovolti 240 kwenye tokeo. Hiyo ni -70 dBu, na inafunika kila desibeli uliyoihangaikia kwenye hesabu.

Kwa hiyo swali ni: ingizo chanya limefungwa wapi? Kwenye mikisa nyingi za bei ya kati limefungwa kwenye athi iliyo karibu kwenye bodi ya njia kuu, ambayo pia inabeba mkondo wa taa za mita na amplifaya ya hedifoni. Kata njia hiyo ya shaba. Kama kuna njia ya athi inayoandamana na basi kutoka chaneli hadi chaneli bila kubeba mkondo mwingine, funga ingizo chanya hapo. Kama haipo, pitisha waya mnene wa shaba sambamba na basi, uulehemu kwenye athi ya sauti ya bodi ya kila chaneli, na mwisho wake ufunge ingizo chanya. Kati ya ingizo chanya na mwisho huo usiunge kitu kingine chochote.

Kazi hii inachosha mgongo na haihitaji kununua chochote zaidi ya waya. Kwenye mikisa yenye mngurumo, italeta tofauti kubwa kuliko chipu yoyote niliyoitaja. Baada yake pima grafu tena, uangalie vilele vya hezi 50, 100 na 150 vimeshuka kiasi gani.

Hatua ya nane: pima tena

Rudia vipimo vitatu, kushoto na kulia. Kipimo cha pili kikikaribia hesabu yako kwa desibeli moja au mbili, kazi iko sawa. Kushoto kukiwa kubaya kuliko hesabu, angalia risista ya ingizo chanya, chipu bandia na mtetemo, kwa mpangilio huo. Kipimo cha tatu kikiwa hakijabadilika sana, chaneli zenyewe ndizo zinazovuma: chaneli 24 zenye -90 dBu kila moja zinatoa -76 zikijumlishwa, na hakuna amplifaya ya kujumlisha inayoweza kulizuia hilo. Dawa yake ni kuondoa kwenye basi chaneli ambazo hazitumiki.

Angalia pia ulinganifu: mlio wa kilohezi 1 ukipelekwa pani ikiwa katikati utoe kiwango sawa kushoto na kulia, tofauti isizidi robo ya desibeli. Ukiridhika, fanya upande wa kulia, kisha mabasi ya makundi, kisha ya ekko. Mabasi ya monita ya jukwaani yaache ya mwisho, kelele ya jukwaa inafunika mvumo wake.

Mikisa ikiwa na chaneli nyingi sana na bado unataka kushuka zaidi, gawa basi. Chaneli 24 zikigawanywa katika mafungu matatu ya nane, kila fungu na opampu yake, geini ya kelele ya kila moja ni 9, na matatu yakijumlishwa kelele inakuwa sawa na geini ya 15.6 badala ya 25. Ni desibeli 4, ukitoa kidogo kinachoongezwa na opampu ya mwisho inayoyakutanisha. Inahitaji kukata basi na kutengeneza bodi mpya, kwa hiyo ifanye tu kwenye mikisa unayokusudia kukaa nayo.

Bandika ndani ya mfuniko karatasi yenye tarehe, chipu ulizoweka, kapasita za mrejesho, mahali ulipofunga athi na vipimo vya kabla na baada. Atakayeifungua baadaye aanzie hapo.